Aliye Kitandani na Aliye Kando ya Kitanda: Uhakiki wa Mahubiri na Sera Zetu juu ya Wanaouguza Nyumbani

Mahubiri juu ya amri ya nne yana umbo ambalo msomaji wa jarida hili analijua. Husomwa Kut. 20:12, vijana hukemewa kwa kuwasahau wazazi wao vijijini, mji hulaumiwa, zamani husifiwa. Kisha hutajwa mama au binti mmoja wa usharika ambaye kwa miaka kadhaa amemuuguza mzazi aliyepooza, na washarika huombwa wampigie makofi. Mara nyingi mtu huyo hayupo kanisani kuyasikia makofi hayo, maana hana wa kumwachia mgonjwa.

Hatusemi haya kama watu waliokaa pembeni. Mahubiri ya namna hiyo tumeyahubiri sisi wenyewe, na kwa muda mrefu tuliyaona kuwa mazuri. Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki pamoja na maandiko mengine mawili yanayofanana nayo kuliko tunavyodhani, yaani Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 na kifungu kimoja cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Maandiko yote matatu yanamwona aliye kitandani. Aliye kando ya kitanda yanamwona kama chombo tu: mhubiri anamsifu, sera inamtegemea, sheria inampita. Hakuna hata moja linalouliza ni nani atakayempokea.

Neno hilo, kumpokea, tunalitumia kwa makusudi. Mtoto aliyefunzwa adabu, akimwona mtu mzima anakuja na mzigo, huenda kumpokea. Hangoji kuombwa, wala hatosheki na kumwambia pole. Katika nchi kadhaa ipo huduma ya umma iliyojengwa juu ya wazo hilohilo. Mtu mwenye mafunzo huja nyumbani, au mgonjwa hupelekwa mahali salama kwa saa chache, kwa siku au kwa juma zima, ili yule anayemuuguza apate kulala, kwenda shambani, au kutibiwa magonjwa yake mwenyewe. Jina la Kiswahili la huduma hiyo halijazoeleka. Sisi tutaiita kupokewa, na msomaji mwenye jina bora na alilete.

Kabla ya kuendelea yafaa tuieleze kazi yenyewe, maana wengi wetu wanaume tunaizungumza bila kuigusa. Mtu aliyepatwa na kiharusi, asiyeweza kujigeuza, hana budi kugeuzwa, na wauguzi kwa kawaida hushauri ifanyike kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ili asipate vidonda vya kulala. Hulishwa polepole asije akapaliwa, husafishwa, hubadilishiwa shuka, hunyooshwa viungo, hupewa dawa kwa saa zake. Kama ni mzee aliyepotewa na kumbukumbu, mlango hauna budi kulindwa usiku asije akatoka na kupotea, na matusi yake hayana budi kuvumiliwa, maana hamjui tena anayemtukana. Hesabu hiyo ya saa mbilimbili maana yake ni kwamba anayeuguza peke yake hapati usingizi kamili hata usiku mmoja, na hali hiyo yaweza kuendelea kwa miaka.

NGUZO ILIYOLIWA NA MCHWA

Sera ya mwaka 2003 ni andiko lenye nia njema, tena ilikuwa hatua kubwa kwa wakati wake. Ilimhesabu mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, ikatambua mchango wake katika jamii, ikagusia haki yake ya kutibiwa. Ilikiri pia waziwazi kwamba ulinzi ambao ukoo ulimpa mzee umedhoofika kwa sababu ya mabadiliko ya uchumi na vijana kuhamia mijini. Baada ya kukiri hivyo ikasema kwamba familia itaendelea kuwa msingi wa matunzo ya mzee, na kwamba kumpeleka katika makazi ya wazee itakuwa njia ya mwisho kabisa. Ni kama fundi aliyekagua nguzo, akaandika katika taarifa yake kwamba imeliwa na mchwa, halafu akaagiza paa lote liegemezwe juu yake.

Tusieleweke vibaya. Kwamba makazi ya wazee yawe njia ya mwisho, tunakubali. Makazi kama ya Nunge Dar es Salaam, Njoro mkoani Kilimanjaro au Fungafunga Morogoro yaliwekwa kwa ajili ya wasio na ndugu, na hatumtakii mzee yeyote aondolewe mezani pa wajukuu wake bila sababu. Lililo baya ni kwamba mzee ama yuko mikononi mwa ndugu saa 24, ama yuko mikononi mwa serikali saa 24. Katikati hapana kitu, na kupokewa ni jambo la hapo katikati.

Sheria ya kazi ni fupi zaidi, na kwa hiyo inasema wazi zaidi. Ilivyotungwa mwaka 2004, katika kifungu cha 34, ilimpa mfanyakazi walau siku nne za likizo yenye malipo kwa sababu zilizotajwa. Mtoto wake akiugua au akifa, anapata. Mwenzi wake wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada yake akifa, anapata. Msomaji airudie orodha hiyo polepole. Ugonjwa umetajwa kwa mtoto peke yake. Mke akiugua, mume akiugua, baba akiugua, kifungu hakina neno. Ni mpaka wafe ndipo mtumishi huyo apate haki ya kukaa nyumbani siku nne kwa malipo. Twajua wako waajiri wenye utu ambao huwapa watumishi wao ruhusa. Lakini ruhusa si haki, nayo hutegemea hali ya moyo wa mkubwa wa kazi siku hiyo. Isitoshe, wengi wanaouguza hawana mwajiri kabisa: ni wakulima, mama lishe, wauza mboga, ambao siku wasiyofanya kazi ni siku wasiyokula. Hata hivyo kifungu hicho kinatuonyesha jinsi taifa linavyofikiri, na katika jambo hili taifa linafikiri sawasawa na sharika zetu.

Maana sisi nasi hujitokeza kwenye kifo. Tulipokuwa tukihudumu katika usharika mmoja, alikuwako mama wa makamo aliyemuuguza mama yake mzazi kwa miaka saba. Katika miaka hiyo mahudhurio yake yalipungua, bahasha yake ya ahadi ikakaa tupu, na baraza la wazee, ambalo mwenyekiti wake tulikuwa sisi, likamwandika miongoni mwa washarika legelege. Tulimtembelea mara mbili au tatu kwa mwaka, tukampa mgonjwa Chakula cha Bwana, tukaomba, tukaaga. Mama yake alipofariki, jioni ileile turubai lilifungwa, sufuria kubwa zikaletwa, vikundi vikapanga zamu za kupika, wanaume wakakesha nje kando ya moto, na michango ikaandikwa daftarini mpaka usiku wa manane. Siku ya tatu yule mama alituambia kwa upole kwamba hakujua kuwa usharika wetu una watu wengi kiasi kile. Hakuwa akilalamika. Tumeyakumbuka maneno hayo kila tunapofundisha somo la uchungaji, na kila mara tunajiuliza kwa nini zamu zile, zilizopangika kwa muda wa saa moja, hazikupangika katika miaka saba.

Hapa huletwa pingamizi kwamba huduma za kupokewa ni mambo ya Ulaya, na kwamba Mwafrika humtunza mzee wake mwenyewe. Pingamizi hili linastahili jibu, maana ndani yake mna heshima. Jibu letu ni kwamba katika kaya ya zamani mgonjwa hakuuguzwa na mtu mmoja. Walikuwako wake wa kaka, mashangazi, wajukuu wa kulala na bibi, majirani wa kuchota maji. Mmoja akichoka mwingine alishika. Kupokewa kulikuwako, ila hakukuwa na jina kwa sababu hapakuwa na haja ya kukuomba. Kilicho kigeni kwetu ni nyumba ya vyumba viwili ambamo binti mmoja amefungiwa pamoja na mzazi wake, huku ndugu watano wakituma fedha kwa simu wanapokumbuka. Anayeutetea upweke huo kwa jina la mila anatetea hali ambayo mababu wasingeitambua. Hata Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilipotaja wenye haki ya kuishi kwa kazi ya wengine, liliwakumbuka watoto wadogo, wazee wasiojiweza na vilema. Yule anayeweka jembe lake chini ili akae nao halikumtaja.

Katika miaka ya karibuni nchi zetu zimepiga hatua upande wa fedha. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi Sh. 20,000 kwa mwezi, kiasi ambacho baadaye kiliongezwa. Kenya tangu mwaka 2018 ilifungua mpango wake wa Inua Jamii kwa wazee wote wa umri huo, kwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, na ina fungu jingine kwa ajili ya watu wenye ulemavu mkubwa wanaohitaji mtu wa kuwahudumia wakati wote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 57, inampa mzee haki ya kupata matunzo na msaada kwa kadiri ifaayo kutoka kwa familia yake na kutoka kwa Dola. Kiunganishi hicho kidogo, “na”, kimebeba mengi: familia haikuondolewa, wala haikuachwa peke yake. Fedha hizi ni neema. Hununua sabuni, unga wa uji na pampasi za watu wazima. Lakini hazimgeuzi mgonjwa saa nane za usiku.

Andiko moja la Afrika limekwisha kumtazama aliye kando ya kitanda. Itifaki ya Umoja wa Afrika juu ya haki za wazee, iliyopitishwa mwaka 2016 na kuanza kutumika mwaka 2024, ina ibara ya 12 juu ya kuwasaidia wazee wanaolea watoto walio katika hatari. Atakayeisoma ibara hiyo akiwa amepata kuhudumu Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mwaka 1983, hatahitaji kuelezwa. Bibi aliyewauguza wanawe mmoja baada ya mwingine, akawazika, kisha akabaki na wajukuu, alikuwa tayari ni mtu wa kutunzwa wakati ule alipokuwa akitunza.

TAWI LILILOKATWA

Aya inayohubiriwa sana katika jambo hili ni 1 Tim. 5:8, inayomhesabu asiyewatunza walio wake kuwa mbaya kuliko mtu asiyeamini. Huwa tunaikata mahali pake kama tawi, tukaichapa nayo familia. Lakini aya hiyo imo ndani ya maelekezo marefu (5:3-16) ambayo shabaha yake ni daftari. Kanisa lina orodha ya wajane linaowatunza kwa mfuko wake, na mwandishi anaeleza ni nani aandikwe. Sharti moja ni umri usiopungua miaka 60 (5:9), umri uleule, kwa sadfa, ambao sera yetu ilimwekea mzee. Kwa hiyo karipio la aya ya 8 limetolewa ndani ya jumuiya ambayo tayari ina mfuko. Mhubiri anayelitoa katika usharika usio na mfuko wala daftari amelikopa bila dhamana.

Tena, neno la kuheshimu linaloanzisha sehemu hiyo (5:3) ni la asili moja na lile linalotumika katika 5:17, ambako wazee wa kanisa wanaotawala vema wanastahili heshima maradufu. Na aya ya 18 inaifafanua heshima hiyo kwa mfano wa ng'ombe anayepura nafaka na wa mfanya kazi na ujira wake. Sisi wachungaji hatujapata kuielewa aya ya 17 kiroho tu. Tunajua kabisa kwamba inahusu mshahara. Basi uaminifu katika ufafanuzi unadai kwamba heshima ya aya ya 3 nayo iwe na uzito wa chakula na fedha, na vivyo hivyo heshima ya amri ya nne.

Aidha, aya ya 8 katika Kiyunani inamhusu mtu yeyote. Haina binti ndani yake. Binti tumemtia sisi. Ni aya ya 16 inayomtaja mwanamke aaminiye aliye na wajane, na hapo nakala bora za kale zina neno la kike peke yake, ilhali nakala nyingine zimeongeza la kiume. Aya hii inatupa taabu, wala hatutaki kuificha: inamwagiza mwanamke huyo awasaidie wajane wake ili kanisa lisilemewe. Wapo watakaosema kwamba hapo barua imetupinga. Twajibu kwamba kusudi lililotajwa ni kanisa lipate kuwasaidia walio wajane kweli. Yaani mfuko unalindwa ili utumike, si ili ukae umefungwa. Hata hivyo twakiri kwamba mwanamke yule amebaki na wajane wake, na barua haisemi ni nani aliyempokea. Hilo tunawaachia wenzetu wa somo la Agano Jipya walishughulikie vizuri kuliko tulivyoweza.

Tungependa pia Mk. 7:9-13 ihubiriwe mbele ya baraza la wazee kabla ya kuhubiriwa kwa vijana. Hapo Bwana hakemei vijana wavivu. Anakemea utaratibu wa dini ulioruhusu mali ya kumtunza mzazi itangazwe kuwa wakfu. Usharika unaomdai bahasha mtu anayenunua dawa za mama yake umeketi mahali pa Mafarisayo katika aya zile, na sisi tulipata kuketi hapo.

Na iko Hes. 11:11-17, ambayo hatujapata kuisikia ikihubiriwa kwa ajili ya wanaouguza, ingawa hakuna mahali katika Torati panapowafaa zaidi. Musa anamlalamikia Mungu kwa maneno ya mlezi: je, ni yeye aliyewachukulia mimba watu hawa hata awabebe kifuani kama mtoto anyonyaye? Anaomba hata kufa. Mungu hamhubirii Musa juu ya thawabu za uvumilivu, wala hampigii makofi. Anamwagiza akusanye watu 70 kutoka katika wazee wa Israeli wabebe mzigo pamoja naye.

LUTHER NUSU

Walutheri tuna sababu ya pekee ya kujisahihisha. Twapenda kusimulia jinsi Luther, katika andiko lake juu ya maisha ya ndoa la mwaka 1522, alivyomtetea baba anayefua nepi za mtoto: watu wanamcheka, lakini Mungu na malaika wake wanafurahi kwa kuwa anaifanya kazi hiyo katika imani. Fundisho hili la wito ni hazina, na anayemwosha mzazi wake aliyepooza ana haki ya kulisikia. Lakini tumelitumia nusu. Kutokana na kusema kwamba kazi hii ni takatifu tumehamia kimyakimya kwenye kusema kwamba anayeifanya hahitaji kusaidiwa.

Mwaka mmoja tu baadaye, 1523, Luther aliandika utangulizi wa utaratibu wa kasha la pamoja la mji wa Leisnig, huko Saxony. Wasimamizi walikuwa kumi: wawili kutoka kwa makabaila, wawili kutoka baraza la mji, watatu kutoka kwa raia wa mjini na watatu kutoka kwa wakulima wa vijijini. Kasha lilikuwa na kufuli nne, kila moja na ufunguo wake, ili mtu mmoja asilifungue peke yake (wahasibu wa sharika zetu na wazingatie). Humo walisaidiwa maskini, yatima na wazee wasiojiweza, na mapato yasipotosha kila mwenye nyumba alitakiwa kuchanga kwa kadiri ya uwezo wake. Mpango ule uliingia matatani upesi, kwa kuwa baraza la mji halikutaka kuziachia mali zilizohusika. Hatudai kwamba Leisnig ilikuwa paradiso. Tunadai tu kwamba Luther wa nepi na Luther wa kasha ni mtu mmoja.

Katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529 anakwenda mbali zaidi. Chini ya amri ya nne anawahesabu watawala wa nchi pia kuwa wazazi. Wahubiri wetu hulipenda fundisho hilo wanapotaka raia watii. Ni mara chache hugeuza upande wa pili, ingawa Luther mwenyewe anaugeuza: mwenye cheo cha baba ana kazi ya baba. Na akieleza ombi la mkate wa kila siku, anasema ingefaa ngao ya mtawala mwema iwe na picha ya mkate mahali pa simba. Basi mshiriki wetu anayetaka serikali imsaidie kumtunza mzazi wake hakwepi amri ya nne. Anaisoma yote.

BARUA YA MCHUNGAJI MWENZETU

Mfano mmoja kutoka mbali tunauleta kwa kuwa aliyeuanzisha alikuwa mtumishi wa Neno. Mary Webster alikuwa mchungaji wa Kanisa la Kikongregesheni nchini Uingereza. Mwaka 1954 aliacha kazi ili awatunze wazazi wake wazee. Mwaka 1963 aliandika barua kwa magazeti akieleza hali ya wanawake wasioolewa, kama yeye, ambao matunzo ya wazazi yamewafunga nyumbani, na majibu ya wenye hali kama yake yakammiminikia. Mwaka 1965 likaundwa baraza la kitaifa la kuwatetea. Yeye alifariki mwaka 1969, kabla ya kuona matunda mengi. Posho ya serikali kwa anayemtunza asiyejiweza ilianza mwaka 1976.

Yafaa tuangalie ni nani aliyenyimwa posho hiyo: wanawake walioolewa, kwa hoja kwamba wao wangekuwa nyumbani hata hivyo. Ilibidi mwanamke mmoja, Jacqueline Drake, aliyeacha kazi ili amtunze mama yake, afikishe shauri lake mbele ya Mahakama ya Ulaya, ndipo mwaka 1986 ubaguzi huo ukaondolewa. Sheria ya mwaka 1995 ikampa anayeuguza haki ya kuomba hali yake mwenyewe ipimwe, si ya mgonjwa tu. Tangu barua mpaka sheria hiyo ilipita miaka 32. Ujerumani, kwenye makanisa rafiki ya sharika zetu nyingi, ilianza bima ya utunzaji mwaka huohuo wa 1995, na ndani yake mna fungu la kumlipa mtu wa kushika nafasi ya anayeuguza, huyo anapougua au kwenda likizo. Anayedhani kwamba Ulaya ilizaliwa na mambo haya hajui jinsi yalivyodaiwa, wala kwamba hoja zilizoyapinga ndizo tunazozisikia katika vikao vyetu leo: mwanamke yuko nyumbani hata hivyo.

Na kinachotugusa zaidi ni kwamba mchungaji yule, mwenye mimbari na elimu ya kuhubiri, aliamua kuandika kwa mhariri wa gazeti.

UKUMBI WA JUMATATU

Kanisa letu halianzii sifuri. Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianza huduma ya tiba shufaa mwaka 1999, watumishi wake wakiwafuata wagonjwa majumbani, na anayeuguza akifundishwa palepale kando ya kitanda. Dayosisi ya Kaskazini, pamoja na shirika la Mosaic la Marekani lenye asili ya Kilutheri, ilianzisha Moshi vituo vya mchana kwa watoto wenye ulemavu. Mtoto hutunzwa na kufundishwa, na mama hupata saa za kufanya kazi. Kazi hiyo huelezwa kuwa huduma kwa watoto, na ndivyo ilivyo. Lakini saa zile ni za mama pia, na tungependa ziandikwe hivyo katika taarifa. Kama iliwezekana kwa watoto, kwa nini isijaribiwe kwa wazee waliopooza? Kumbi nyingi za sharika zetu hufungwa Jumatatu hadi Ijumaa, zikangoja harusi ya Jumamosi.

Upande wa serikali, mwezi Januari 2024 ulizinduliwa mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000. Watu hao huingia nyumbani. Yatosha, kwa kuanzia, wamwulize anayeuguza habari zake mwenyewe: unalalaje, mgongo wako unaumaje, nani anakupokea. Kifungu cha 34 nacho chaweza kuongezewa maneno machache ili ugonjwa wa mzazi na wa mwenzi uhesabiwe kama ulivyohesabiwa wa mtoto. Viongozi wetu hukutana na wabunge na mawaziri mara nyingi kwa ajili ya ardhi za kanisa na misamaha ya kodi. Ajenda moja zaidi haitavunja kikao.

Tuna hofu moja. Kila tunaposema “kanisa litafanya”, maana yake katika lugha yetu ya kila siku ni kwamba kikundi cha wanawake kitafanya. Tukiwapangia zamu za kuwapokea wanaouguza watu walewale ambao nao wana wagonjwa nyumbani, tutakuwa tumeuhamisha mzigo kutoka bega la kulia kwenda la kushoto. Twajua kwamba mila haimruhusu mwanamume kumwosha mama mkwe, na hatutaki kuleta fedheha. Lakini mila haimzuii kumgeuza baba mzee, kukesha na mgonjwa wa kiume, kuchota maji, kwenda kupanga foleni ya dawa hospitalini. Wanaume wanaoweza kukesha msibani siku tatu wameonyesha kwamba usingizi si tatizo.

Pia mgonjwa hakabidhiwi kwa mtu asiye na mafunzo. Kumlisha vibaya aliyepooza koo ni kumwua. Hospitali zetu za dayosisi zinao wauguzi wanaoweza kufundisha kikundi kidogo cha usharika kugeuza, kulisha na kutambua kidonda kinapoanza. Bila hivyo tusianze.

Daftari za sharika zetu zina safu za waliobatizwa, waliopata kipaimara, waliofunga ndoa na waliofariki. Wanafunzi wetu wanaokwenda mazoezini mwaka huu tumewaomba waongeze ukurasa mmoja: jina la anayeuguza nyumbani, tangu mwaka gani, ni nani humpokea, na kwa saa ngapi kwa juma. Pale watakapokuta jina la mtu wa namna hiyo limekwisha kuandikwa miongoni mwa washarika legelege, waliombee kibali cha baraza la wazee lifutwe, kisha waende nyumbani kwake kumpa habari, wakiwa wamejiandaa kukaa na mgonjwa wakati yeye analala.